Dubu na watoto wake: anawajua? anawaua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikisambaa klipu ya dubu dume anafukuza mama na watoto, maswali ni yaleyale. Hapa nimeyakusanya na kuyapanga, ya mwanzo ni mepesi, ya chini ni ya wale wanaopenda kuchimba. Kama jibu liko kwenye swali lingine nimeweka namba, sirudii.

## MAMBO YA MWANZO

1. Nijibu kwa kifupi tu, dubu anaua watoto wake au haui?

Dume anaua watoto, ndiyo, ila kwa kawaida ni watoto wa dume mwenzie. Mama kuua wake ni nadra sana, na visa vingi vinavyosimuliwa ni vya dubu wa kwenye bustani za wanyama. Kuhusu kutambuana, mama anamjua mtoto wake kwa harufu na sauti. Baba, kwa ushahidi uliopo, hamjui mtoto. Anachokijua yeye ni mama wa mtoto, basi. Hapo ndo watu wengi wanapochanganyikiwa, maelezo yako swali la 5, na kama una muda wa kusoma moja tu soma hilo.

2. Kwani baba yuko wapi watoto wakizaliwa?

Hayupo. Kwa dubu wa kahawia kule Sweden msimu wa kupandana unaanza katikati ya mwezi wa 5 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 7, dume na jike wanaandamana siku kadhaa halafu kila mtu anashika njia yake. Sasa kuna kitu cha ajabu hapo, yai likisharutubishwa halijishikizi kwenye mfuko wa uzazi muda uleule, linaelea tu miezi kadhaa mpaka jike anapoingia pangoni kulala majira ya baridi, hapo ndo mimba inaanza kukua kweli, na kama hakunenepa vya kutosha inaweza isiendelee kabisa. Watoto wanatoka mwezi wa 1 au wa 2, kila mmoja nusu kilo au chini ya hapo, macho yamefumba, hawana meno, na mama mwenyewe hali wala hanywi, anaishi kwa mafuta ya mwilini na mafuta hayohayo ndo yanageuka maziwa.

Baba saa hizo kalala kwenye pango lake huko mbali, hana habari. Siku atakayokutana na watoto ni theluji ikishayeyuka, na hakuna aliyemtambulisha.

3. Dubu wote wako hivi?

Kuna aina 8 za dubu duniani na hazijachunguzwa sawasawa. Utafiti mzito uko kwa dubu wa kahawia (grizli naye ni dubu wa kahawia, wa Amerika Kaskazini), hasa Sweden ambako mradi wa Skandinavia umekuwa ukiwafuatilia tangu 1984, dubu wanavalishwa kola zenye redio ya kuwafuatilia, wanachukuliwa DNA (vipimo vya damu vinavyoonyesha nani kamzaa nani), yani familia zinajulikana mpaka bibi na mjukuu. Dubu wa barafu na dubu mweusi wa Amerika nao madume kuua watoto kumeonekana. Panda, yule dubu mweusi na mweupe wa China, stori yake ni nyingine kabisa, angalia swali la 13.

## MADUME

4. Kwa nini dume aue kitoto ambacho hakijamfanya chochote?

Kwa sababu kinanyonya. Jike anayenyonyesha haingii kwenye joto, yani hawi tayari kupandwa. Dubu wa kahawia anakaa na watoto mwaka mmoja na nusu au miwili na nusu, kuna sehemu zaidi ya hapo, na muda wote huo dume akija hapati kitu. Watoto wakifa maziwa yanakata, na ndani ya siku chache tu mama anarudi kwenye joto, msimu ukiwa bado haujaisha anapandwa na mwakani anazaa. Siku chache badala ya kungoja mwaka au miwili.

Ndo maana vifo hivi vinarundikana kwenye msimu wa kupandana, mwezi wa 5 na wa 6, na wanaokufa zaidi ni vitoto vya mwaka uleule. Simba nao wanafanya hivyo madume wapya wakiteka kundi. Tofauti ni kwamba simba ni wa kundi, mapinduzi yanaonekana, dubu ni mtu wa peke yake na kwa muda mrefu watu hawakuamini kama mnyama mpweke anaweza kuwa na tabia hiyo.

Na tusimpe dume akili ambayo hana. Hakai akapiga hesabu ya mimba. Kuna msukumo tu, na madume waliokuwa na msukumo huo walipata watoto zaidi, watoto wakaurithi.

5. Sasa anajuaje huyu ni wangu, huyu si wangu?

Hapa ndo penyewe. Kuna ule msemo wetu, kitanda hakizai haramu. Dume wa dubu anaishi kwa sheria hiyohiyo: kama huyu jike nilikuwa naye msimu uliopita, basi watoto ni wangu, sigusi. Kama simjui, watoto si wangu. Hakinusi kitoto akatambua damu yake, hakuna ushahidi wa hilo. Anachotambua, kwa wanavyoona watafiti, ni jike, harufu yake na mahali alipokutana naye.

Ushahidi uko hivi. Sweden walichukua DNA ya watoto waliokutwa wameuawa, DNA ya madume wa eneo lile, na ya uzao uliofuata wa mama yuleyule. Waliohusishwa na mauaji hawakuwa baba wa waliouawa. Na mara nyingi ndo waliokuja kuwa baba wa uzao uliofuata. Kabla ya hapo ilidhaniwa wauaji ni wahamiaji tu, vijana wanaopita njia, kumbe hata dume mwenyeji aliyekaa hapo miaka anaua, ilimradi jike huyo hakuwa wake mwaka jana.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama dume "anawatambua" watoto wake, jibu la haki ni kwamba anafanya kama anawatambua bila kuwatambua. Na sheria yake ina tundu kubwa, ndo tunaingia swali la 6.

6. Jike akipandwa na madume wengi, kila mmoja si atadhani ni baba?

Umeshaelewa. Jike wa dubu wa kahawia anaweza kupandwa na dume zaidi ya mmoja kwenye msimu mmoja, na DNA imeonyesha vitoto vya uzao mmoja vikiwa na baba tofauti, huyu wa fulani huyu wa fulani, wamelala tumbo moja. Watafiti wengi wanasoma hiyo kama ulinzi, kila dume aliyepita hapo mwakani akikutana na mama huyo ana sababu ya kuwaacha watoto, hata kama hakuna hata mmoja wa kwake.

Mimi naona neno "ujanja" linazidisha kidogo, kuna faida zingine pia za kupandwa na wengi, mfano uhakika wa kushika mimba. Ila matokeo ndo hayo, dume anaweza kupita hatua kumi kutoka kwa watoto wa mwenzie na asiwaguse.

7. Mbona wengine wanasema ni njaa tu, anaua ili ale?

Zote mbili zipo na mara nyingi zinakuja pamoja. Dume akishaua kitoto anaweza kukila au kula kidogo akaacha, nyama ni nyama. Ila kama ingekuwa njaa peke yake ungetegemea vifo visambae muda wote dubu wakiwa nje ya pango, siyo virundikane wiki zile za kupandana.

Kwa dubu wa barafu ndo njaa ina uzito zaidi. Mwaka 2011 mtafiti Ian Stirling na mpiga picha Jenny Ross waliandika visa vya visiwa vya Svalbard, Norwe, madume wakionekana na mizoga ya dubu wadogo kwenye barafu majira ya kiangazi, yani nje ya msimu wa kupandana. Katika kisa kimoja cha 2010 dume alipoona boti inakaribia aliuma mzoga akauburuta kwenda kipande kingine cha barafu, vile anavyofanya na sili, mnyama wa baharini anayemwinda. Huyo hakuwa na mpango na mama wa mtoto, huyo alikuwa anakula chakula. Na tabia hii si ya leo, waliandika pia kwamba imejulikana miaka mingi, kilichozidi ni watu wenye kamera kufika huko wakati barafu imepungua.

Angalizo moja: ukikuta dubu anakula kitoto haimaanishi ndiye aliyekiua. Vitoto vinakufa kwa mambo mengi, na dubu haachi mzoga.

8. Ile ya kwenye kamera ya Alaska ilikuwaje?

Hiyo ni Brooks Falls, hifadhi ya Katmai, mwezi wa 7 mwaka 2024. Pale kuna maporomoko madogo ambapo samaki aina ya samoni wanaruka na dubu wanasimama juu wanadaka kwa mdomo, na kuna kamera laivu. Jike namba 128, anaitwa Grazer, alikuwa na vitoto viwili vya mwaka uleule, vikasogea karibu na ukingo, maji yakavibeba vikaanguka chini, na chini alikuwepo dume namba 32, Chunk, mmoja wa madume wakubwa kuliko wote pale mtoni, zaidi ya kilo 500 kwa makadirio. Akavishambulia. Grazer akashuka mbio akamvaa, dume lina ukubwa karibu mara mbili yake, wakapigana mpaka Chunk akaachia. Kitoto kimoja kilikufa baadae, kingine kilipona.

Miezi mitatu baadae kwenye yale mashindano ya kupiga kura ya dubu aliyenenepa kuliko wote, fainali ilikuwa Grazer na Chunk haohao, na Grazer akashinda. Watu walipiga kura kwa hasira, tuseme ukweli.

Je ilikuwa ya swali la 4? Sidhani. Mwezi wa 7 mwishoni pale mtoni dubu wako kwenye kula, kitoto kilianguka miguuni kwa dume kubwa lenye tabia ya kunyang'anya wenzie samaki, inaweza kuwa ilikuwa hivyo tu. Si kila mauaji yana sababu ya uzazi.

9. Wawindaji wakiua madume wakubwa, si watoto watapona zaidi?

Ndivyo ungedhani. Mwaka 1997 mtafiti Jon Swenson na wenzake walitoa matokeo ya Sweden yaliyogeuza hilo, dume mkubwa akipigwa risasi watoto wa eneo lile walipungua kupona. Sababu unaijua tayari kama umesoma swali la 5: dume aliyeondolewa ndo alikuwa na majike wa pale, nafasi yake inachukuliwa na wengine ambao hawakuwa na hao majike, na kwao kila kitoto wanachokutana nacho ni cha mtu mwingine.

Amerika Kaskazini waliotafuta kitu hichohicho kwa grizli hawakukiona wazi namna hiyo, kwa hiyo usichukue ya Sweden ukaibandika kila mahali.

Halafu kuna la pembeni. Sweden ni marufuku kupiga jike aliye na watoto. Kwa hiyo mama anayekaa na watoto mwaka wa ziada anapata kinga mwaka wa ziada, na kwenye utafiti uliotoka 2018 walionyesha majike wanaokaa na watoto miaka miwili na nusu wameongezeka. Kaa na mtoto, usipigwe risasi. Hiyo tabia inapita kwa wenyewe waliobaki hai.

## MAMA

10. Mama anamtambuaje mtoto wake?

Kwanza pua. Pua ya dubu ni kitu kingine kabisa, na mama amekaa na hao watoto pangoni miezi, wamelala kifuani kwake, anawalamba, wananuka yeye na yeye ananuka wao. Pili sauti. Vitoto vikinyonya vinatoa mngurumo mmoja wa mfululizo kama injini ndogo inayozunguka taratibu, mama naye ana mikoromo yake ya kuwaita, na meno ya kugonganisha akiona hatari. Kitoto kikilia juu ya mti mama hahitaji kukiona.

Ila usidhani ni mashine isiyokosea. Pale samaki wanapojaa na majike wengi wamekusanyika mto mmoja, vitoto vinachanganyikana, na imewahi kutokea mama kuondoka na visivyo vyake. Inaonekana pua inafanya kazi kwa ukaribu na mazoea, siyo kwa kusoma damu. Ndo maana kupachika yatima kunawezekana, swali la 15.

11. Anawalinda vipi na dume?

Inategemea aina. Dubu mweusi wa Amerika ana kucha fupi zilizopinda, anapanda mti vizuri, kwa hiyo amri ya kwanza ni "pandeni juu" na vitoto vinapanda kama umeme, mama anabaki chini anakoroma. Grizli mkubwa kupanda mti ni shida, na mazingira yake mengi ni uwanda, kwa hiyo yeye anasimama anapigana.

Kupigana hakuna uhakika. Mwezi wa 6 mwaka 2022 kaskazini mwa Hispania, milima ya Palencia, walirekodi dume anamvamia jike mwenye kitoto juu ya mwamba, wakashikana, wakaporomoka wote kwenye genge. Aliyekufa ni dume.

Njia ya tatu ndo naipenda zaidi, kukimbilia kwa binadamu. Sweden walipolinganisha mama waliofanikiwa kukuza watoto na waliowapoteza, waliofanikiwa walikuwa wanakaa karibu zaidi na nyumba za watu kwenye msimu wa kupandana. Madume wakubwa wanakwepa watu, mama anatumia hofu yao kama uzio. Msimu ukiisha anarudi zake porini.

Kwa msomaji anayeogopa mama mwenye watoto kuliko kitu chochote: kwa grizli uko sawa kuogopa, kwa dubu mweusi hofu imekaa sehemu isiyo yake. Watu 63 waliuawa na dubu weusi wa porini Amerika Kaskazini kati ya 1900 na 2009, na dubu waliowaua sehemu kubwa kabisa walikuwa ni madume waliokuwa wanawinda, siyo mama wanaotetea watoto.

12. Mama anaweza kuua au kula watoto wake mwenyewe?

Anaweza, na kesi zinazojulikana vizuri ni za kufungiwa. Mwanzoni mwa 2008 bustani ya wanyama ya Nuremberg, Ujerumani, jike wa barafu anaitwa Vilma alikuwa na vitoto, wafanyakazi wakaamua kutoingilia, siku moja vikawa havionekani tena, na ikaaminika kavila. Jirani yake Vera akaonekana anatoka na kitoto mdomoni anazunguka nacho, anakiweka chini anakiokota, hatulii. Hapo wakaogopa, wakakichukua wakakilea kwa chupa, ndiye Flocke.

Bustani ya wanyama ya Washington, mwishoni mwa 2013, jike mmoja wa aina ya dubu wa India wanaokula mchwa, jina lake Khali, alizaa vitoto vitatu, akala cha kwanza muda mfupi baada ya kuzaliwa, wiki moja baadae akala kingine. Cha tatu kikaokolewa.

Kwa nini? Maelezo yanayokubalika zaidi ni mawili yanayoshikana. Moja ni kwamba kitoto kikiwa mgonjwa au kinakufa mama anakiona hakina safari, na kukiacha kioze pangoni ni kuleta hatari kwa waliobaki, anakula na anarudisha nguvu aliyotumia. Lingine ni stresi, kelele, pango lisilo na giza wala utulivu, mama wa mara ya kwanza asiyejua anachofanya. Porini pangoni pia vitoto vinakufa na mama anavila, ila huko hakuna kamera, mama anatoka na wawili na hakuna anayejua walikuwa watatu.

13. Kwa nini mama anasusa mtoto mmoja akalea mwingine?

Panda ndo mfano mkubwa. Anazaa kitoto cha kama gramu 100, mama ana zaidi ya kilo 90, na mapacha ni wa kawaida sana, lakini kwa kawaida anachukua mmoja tu, mwingine anabaki sakafuni analia mpaka ananyamaza. Hana maziwa ya wawili wala mikono ya wawili, kitoto cha panda lazima kishikwe muda wote. Chengdu, China, walipata njia ya kuwabadilisha, mmoja yuko kwa mama mwingine kwenye inkubeta (kisanduku cha joto), baada ya masaa wanapishana, na mama anaendelea kunyonyesha. Hapo swali la "anamtambua?" linapata jibu la kuchekesha, wote wanapita.

Kwa grizli kuna hoja ya zamani ya mwaka 1980 hivi kwamba mama mwenye kitoto kimoja tu inaweza kumlipa kukiacha na kuzaa upya mwakani wawili au watatu, kuliko kupoteza miaka kwa huyo mmoja. Ni hesabu nzuri kwenye karatasi. Porini mama wengi tu wanaonekana na kitoto kimoja na wanakitunza kama yai.

Na Knut, yule dubu wa barafu mliyemuuliza sana: alizaliwa Berlin tarehe 5 Disemba 2006, mama yake Tosca aliwazaa wawili akawaweka juu ya mwamba akaondoka, hakuwaua, hakuwatazama. Mmoja akafa baada ya siku 4, Knut akalelewa na mtunzaji Thomas Dörflein aliyekuwa analala hapohapo.

14. Ni kweli ukimgusa kitoto cha dubu mama anamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu?

Hapana. Watafiti wanaingia mapangoni majira ya baridi, mama anachomwa sindano ya usingizi, vitoto vinatolewa vinapimwa uzito, nje baridi kali kwa hiyo vinawekwa ndani ya koti la mtu, vimejikunja shingoni vinatafuta joto. Vinarudishwa, mama anaamka, maisha yanaendelea.

Lakini usiguse. Kitoto unachokiona peke yake chini ya mti mara nyingi mama yuko hatua chache anakula, na shida yako siyo kukataliwa kwa mtoto.

## WATOTO WA WENZIO

15. Mama dubu anaweza kulea mtoto ambaye si wake?

Ndiyo, na zaidi ya watu wanavyodhani. Brooks Falls tena, 2014: kitoto cha mwaka mmoja, baadae kikapewa namba 503, kiliachwa na mama yake (namba 402), kikawa kinazurura pale mtoni peke yake. Jike namba 435, Holly, alikuwa na kitoto chake mwenyewe cha mwaka ule. Kile yatima kikaanza kumfuata kwa mbali, kinasogea kinafukuzwa, kinasogea tena, mwisho akakiachia. Akakinyonyesha, akala nacho, wakaingia pango moja majira ya baridi watatu. 503 akakua akawa dume kubwa.

Wahifadhi wa dubu weusi Marekani wanalitumia hilo kwa makusudi. Yatima anapelekwa kwenye pango la mama mwenye watoto wakati wa baridi, anawekwa katikati ya wenzie, mama kalala nusu usingizi, akija kuamka vizuri wote wananuka kitu kimoja. Wakishatoka pangoni inakuwa ngumu, mama ameshajua hesabu na harufu, kwa hiyo wanapaka dawa ya mafua yenye mentholi ili pua ishindwe kutofautisha kwa muda. Baada ya siku kadhaa haina haja tena.

Mimi nikiangalia hii naona "kumtambua mwanao" kwa dubu maana yake ni kumzoea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, ila dubu aliyekulia ubavuni ndo mwana.

16. Majike nao wanaua watoto wa majike wenzao?

Imetokea ila mara chache, na sababu yake ni nyingine, ni chakula na nafasi. Swali la 4 haliwahusu.

17. Mama akifa, baba anaweza kuwachukua?

Hapana, kwa aina yoyote ile. Kitoto cha umri wa miezi michache bila mama kwa kawaida kinakufa. Cha mwaka na zaidi kinaweza kuponea kikiwa kimenenepa. Baba hamjui mtoto, na kwenye bustani za wanyama ndo maana dume anatengwa kabisa jike akikaribia kuzaa, hata kama wanapendana vipi.

## WAKISHAKUA

18. Mama akishawafukuza, wanakumbukana?

Kufukuza kwenyewe kwanza. Siku moja msimu wa kupandana umefika, dume yuko karibu, mama aliyekuwa anawalamba jana leo anageuka anawakimbiza mpaka wanapanda mti. Wanarudi, anawakimbiza tena. Wengine wanabaki pamoja ndugu kwa ndugu mwaka mmoja hivi kabla ya kuachana.

Baada ya hapo mabinti na vijana wa kiume wanatofautiana. Kijana anaondoka, anaweza kwenda kilomita mamia. Binti anabaki, anachukua eneo ubavuni mwa mama au juu ya eneo la mama, na mama anamvumilia kwa namna ambayo hamvumilii jike mgeni. Huko Sweden ukichora ramani ya majike unaona koo, mama, binti, mjukuu wamekaa jirani. Kwa hiyo ndiyo, kuna kutambuana kwa aina fulani, japo kuna gharama yake, binti aliyekaa karibu na mama anachelewa kuanza kuzaa.

Grizli wawili wakubwa wakikutana mtoni wakapishana bila kugombana usikimbilie kusema ni mtu na mwanae. Madume wanafahamiana kwa harufu za miti wanayojisugulia na za nyayo, wanajua nani mkubwa, wanapishana.

19. Baba anaweza kumpanda binti yake bila kujua?

Anaweza, na kuna dume mmoja maarufu kwa hilo. Milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, dubu walikuwa karibu kwisha kabisa, ikabidi wengine waletwe kutoka Slovenia, na 1997 akaletwa dume aliyeitwa Pyros. Alikuwa mkubwa, hakuacha dume mwingine apumue, na kwa miaka karibu 20 sehemu kubwa ya vitoto vilivyozaliwa pale vilikuwa vyake. DNA ikaonyesha amezaa na mabinti zake, na wajukuu pia.

Linganisha na swali la 5. Vitoto vya Pyros havikuwa na cha kumwogopa, majike wote walikuwa wa kwake, kitanda kilikuwa kimoja. Mabinti wakakua, wakabaki jirani na mama zao kama swali la 18 linavyosema, wakaingia kwenye joto, na kwake yeye walikuwa majike tu. Porini palipo na dubu wa kutosha hili linazuiwa na vijana kuhama na madume kupinduana kila miaka kadhaa, siyo kwa baba kumtambua binti. Pyrenees hapakuwa na wa kumpindua, na mwaka 2016 ilibidi aletwe dume mwingine, Goiat, naye kutoka Slovenia, kuongeza damu mpya.